Umepaka Mbegu Bakteria na Maharagwe Bado Yanakufa: Anza kwa Kuchimba Mzizi

Simu huanza kuingia wiki ya tatu baada ya kupanda, mvua ndefu ikiwa imeshika kweli kweli. Maneno huwa yale yale: nilinunua ile dawa ya bakteria wa kulinda mizizi, nikapaka mbegu kama nilivyoelekezwa, sasa maharagwe yanageuka manjano na mengine yanalala. Pesa imeenda. Hii dawa ni ya uongo?

Kabla ya kujibu lolote huwa nauliza: mzizi unaonekanaje? Mara nyingi sipati jibu. Watu wameangalia majani, wamepiga picha majani, wamepeleka jani kwenye duka la dawa za kilimo na kuuziwa kitu cha kunyunyiza. Hakuna aliyechimba. Na jani la maharagwe halina lugha nyingi. Mmea ukikosa chakula, jani huwa manjano. Mzizi ukioza, manjano. Funza akitafuna shina, manjano. Maji yakituama, manjano. Tofauti zote ziko chini ya udongo.

Ninayoandika hapa ninayajua kutoka mashamba ya Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambako maharagwe hupandwa mara mbili kwa mwaka kati ya mistari ya mahindi, kwenye vipande vidogo visivyopumzika. Tangu miaka ya 1980 ikielekea mwisho, ugonjwa wa kuoza mizizi umewafanya watu wengi huku, na wenzetu wa Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda, kuacha mbegu walizorithi kwa wazee wao. Kwa hiyo bakteria wa kulinda mizizi si jambo la anasa kwetu. Naumia nikiona mtu anawatupa kwa sababu ya kosa ambalo lingerekebishwa kwa ndoo ya maji na kivuli.

Jinsi ya kuchimba

Usivute mche kwa mkono. Ukivuta, mizizi iliyooza hukatika na kubaki ardhini, na hiyo ndiyo uliyotaka kuiona. Chukua jembe au panga, zunguka mche kwa umbali wa kiganja, uinue na bonge lake la udongo, ulitumbukize kwenye ndoo ya maji. Liache dakika kumi hivi, kisha tikisa polepole mpaka udongo udondoke wenyewe.

Chimba mitano iliyougua, mitano inayoanza kuugua, na mitano mizima. Hiyo mizima usiiruke, maana bila kuona mzizi mzuri wa shamba lako hutajua mbaya umeharibika kiasi gani. Uliokauka kabisa uache. Ukishakufa, kila kuvu ya kuozesha huingia na kumficha muuaji wa kweli. Uwe na wembe pia, wa kupasulia shina kwa urefu kuanzia chini.

Kazi ya bakteria hawa, kwa kifupi

Aliyelipa jina eneo lile la udongo linaloshikana na mzizi ni Mjerumani Lorenz Hiltner, mwaka 1904, naye alikuwa akishughulika na mimea ya jamii ya kunde. Aliona kwamba udongo ule umejaa viumbe kuliko udongo wa pembeni, kwa sababu mzizi hutoa sukari na vyakula vingine. Yeyote anayefika pale kwanza ndiye anayekula.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Bacillus subtilis na ndugu zake, au Pseudomonas fluorescens, wakiwa wamepakwa kwenye mbegu huota pamoja na mzizi, wakashika nafasi, wakala kile chakula. Pseudomonas hunasa madini ya chuma kiasi kwamba kuvu inakosa. Bacillus hutoa kemikali za jamii ya mafuta na protini zinazotoboa ngozi ya kuvu. Wote wawili wanaweza kuuamsha mmea wenyewe ujiandae kupigana. Rizobia ni bakteria wengine. Kazi yao kubwa ni kutengeneza vinundu kwenye mizizi na kuupa mmea nitrojeni, ingawa mmea ulioshiba huvumilia ugonjwa vizuri zaidi.

Lakini wote ni walinzi. Ukimweka mlinzi getini baada ya mwizi kuingia chumbani, usimlaumu. Kumwagia bakteria mche ambao mzizi wake umeshaoza hakuurudishi mzizi. Ukilishika hilo, nusu ya malalamiko yanajijibu.

Mapengo kwenye mstari: mbegu hazikutokeza

Fukua kwenye pengo. Ukikuta mbegu nzima, ngumu, haijavimba, udongo ulikuwa mkavu au mbegu ilikuwa mzee. Ukikuta imevimba na kuwa uji wenye harufu, kuvu imeiwahi kabla haijatoa kichwa, na mara nyingi ni Pythium kwenye udongo wa baridi uliolowa. Ukikuta funza weupe ndani ya mbegu, huyo ni wa inzi wa mbegu, na bakteria hawana habari naye.

Kuna sababu moja naiona sana na watu hawaitaji: mbegu imelala juu ya DAP, ile mbolea ya kupandia. Shimo moja, mbolea kidogo, mbegu juu yake, udongo. Chumvi ya mbolea huichoma ncha ya mzizi mchanga na kuwaua bakteria uliowapaka dakika ishirini zilizopita. Ukifukua utaona ncha ya mzizi imegeuka kahawia na kukauka, bila uji, bila harufu. Weka mbolea, ifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu.

Na kabla ya yote, jaribu mbegu nyumbani. Funga mbegu 20 ndani ya kitambaa kibichi, ziache siku tano. Zikiota chini ya 16, tafuta mbegu nyingine.

Mche ulikuwa mzuri, sasa unalala: wiki ya kwanza hadi ya nne

Hapa ndipo mashamba mengi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Wauaji wakubwa ni watatu na kila mmoja anaacha alama yake.

Shika ncha ya mzizi uliooshwa kwa vidole viwili, uvute taratibu. Ngozi ikivuka kama soksi, ikakuachia uzi mweupe mwembamba mkononi, hiyo ni Pythium. Mzizi huwa laini, umejaa maji, rangi ya chai ya maziwa. Kuvu hii (wataalamu huiweka kwenye kundi lake lenyewe, lakini sisi tunaiita kuvu) ina mbegu zinazoogelea kwenye maji yaliyo katikati ya chembe za udongo. Ndiyo maana huanzia bondeni, mahali maji yanaposimama, kisha hupanda mlima kidogo kidogo kila msimu. Kama wagonjwa wako wamejikusanya kwenye kibonde, umepata jibu kabla hata ya kuosha mzizi.

Bakteria husaidia dhidi ya Pythium, lakini si ndani ya dimbwi. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na bakteria tunaowapaka wengi wanataka hewa. Aliyepanda bapa kwenye udongo unaotuamisha maji amempa adui barabara na kumnyima mlinzi pumzi. Panda juu ya matuta ya sentimita 20 hivi na ufungue mfereji upande wa chini. Mama mmoja wa Vihiga alinionyesha shamba lake msimu uliopita. Kipande cha juu alikuwa amekipandia kwenye matuta ya viazi vitamu vilivyovunwa, na hakuyabomoa. Kipande cha chini alikilima bapa. Mbegu ilikuwa moja, bakteria kutoka pakiti moja, mkono mmoja. Juu maharagwe yalikuwa yamefunga mstari. Chini tulihesabu miche tisa kwenye mstari wa hatua kumi.

Muuaji wa pili ni Rhizoctonia. Huyu hula shingo. Tafuta kidonda kilichobonyea kwenye shina, pale linapokutana na udongo, chenye rangi ya matofali, mpaka wake ukionekana wazi. Ukipasua shina, ndani kunaweza kuwa na wekundu ule ule. Mzizi wa chini unaweza kuwa mzuri kabisa. Rhizoctonia hupenda mabaki ya mimea ambayo hayajaoza vizuri, na hupenda mbegu iliyofukiwa chini mno, kwa sababu shina linatembea safari ndefu gizani kabla ya kupata ngozi ngumu. Sentimita tatu hadi nne zinatosha. Kwa huyu bakteria wa Bacillus husaidia vizuri, mradi wamepakwa mbegu yote na si upande mmoja.

Wa tatu si ugonjwa hata kidogo, naye ndiye anayewachafulia bakteria jina kuliko wote: funza wa maharagwe. Inzi mdogo mweusi hutaga kwenye majani ya kwanza, mtoto wake hutoboa njia ndani ya kikonyo na kushuka mpaka chini ya shina. Mche hugeuka manjano na kukauka, na kwa mbali huwezi kuutofautisha na mche wa mzizi uliooza. Chunguza shina pale chini. Likiwa limevimba na kupasuka, bandua ngozi kwa kucha. Utakuta vijidude vya kahawia vyenye ukubwa wa punje ya ulezi vimelala ndani. Hao ni mabuu wake waliojifunga. Hakuna bakteria wa mizizi atakayewagusa. Dawa yake ni kupanda mapema mvua zinapoanza, kutandaza nyasi, kupaka mbegu dawa ya wadudu inayoruhusiwa, na kuinulia mche udongo. Funza akitoboa, kuvu hupita kwenye tundu lake, kwa hiyo usishangae kukuta wote wawili kwenye mche mmoja. Tibu aliyefungua mlango.

Kwa mche ambao umeshaumwa na bado una majani mabichi, kazi ni moja: inua udongo ulioloanishwa na mvua, ukauzungushie shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Maharagwe yana tabia ya kutoa mizizi mipya kwenye shina, juu ya mahali palipooza. Nimeona miche iliyokuwa imelala asubuhi ya Jumatatu ikisimama baada ya siku kumi kwa jembe tu. Haitazaa sawa na mizima, lakini itazaa.

Manjano na kudumaa: wiki ya nne hadi maua

Mche haufi, ila haukui. Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza ni mzizi unaooza kavu. Mzizi mkuu una michirizi myekundu kwa urefu, baadaye inaungana na kuwa kahawia iliyoiva, na ngozi inapasuka kwa wima. Hiyo ni Fusarium ya kuoza mizizi. Haina haraka kama Pythium. Hupata nguvu mzizi unapokwama kwenye udongo mgumu, lile tabaka ambalo jembe hugonga kila msimu kwa kina kile kile, na pale jua linapofuatia mvua kubwa. Bakteria hupunguza makali yake, lakini wakikuta mzizi umejikunja juu ya tabaka gumu hawana pa kukimbilia. Lima kwa kina zaidi mara moja, kwa jembe la meno, kisha urudi kwa bakteria.

La pili ni njaa ya nitrojeni, na hapa lazima usome vinundu. Chimba mmea unapoanza maua. Pasua kinundu kwa kucha au wembe. Kikiwa chekundu au waridi ndani kama nyama mbichi, rizobia wako kazini. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, wapo lakini hawalishi. Kisipokuwapo kabisa, uliza maswali haya. Je, ulipaka rizobia wa maharagwe, au ulichukua pakiti ya soya kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani? Wa soya hawatafanya kazi kwenye maharagwe, kila ukoo una wake. Je, uliweka mbolea nyingi ya nitrojeni? Mmea ulioshibishwa hauwaiti rizobia. Je, udongo una asidi? Chini ya pH 5.5 vinundu huadimika na alumini huanza kuchoma ncha za mizizi. Sehemu kubwa ya udongo wetu wa magharibi uko huko. Chokaa ya kilimo, ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, huwasaidia rizobia kuliko kupaka pakiti ya pili.

Kisha kuna kosa la macho. Mtu hunitumia picha kwa furaha: tazama vinundu vilivyojaa! Ukivisugua kwa kidole, having'oki. Kinundu cha rizobia hukaa ubavuni mwa mzizi, kama shanga iliyobandikwa, na hutoka kwa kusugua. Uvimbe usiotoka, ambao ni mzizi wenyewe umenenepa na kupinda, ni wa minyoo ya mizizi. Minyoo hiyo hutoboa mzizi na kuziachia kuvu mlango wazi. Kwenye shamba lenye minyoo mingi, bakteria peke yao watashindwa. Panda mahindi au mtama kwa msimu mmoja au miwili, uweke samadi iliyoiva, na usilete miche ya nyanya yenye uvimbe.

Mmea mkubwa unanyauka ghafla

Pasua shina. Mstari wa kahawia ndani, kwenye mishipa ya maji, na majani yalianza manjano kutoka chini: ni mnyauko wa Fusarium, binamu wa yule wa kuoza mizizi. Nyuzi nyeupe kama pamba chini ya shina, na vijipunje vya kahawia vinavyofanana na haradali: ni Sclerotium. Ng'oa na udongo wake, weka kwenye gunia, utoe shambani. Usivitupe kwenye mboji, vile vipunje hukaa miaka. Shina la rangi ya jivu lenye nukta nyeusi ndogo ndogo, wakati wa jua kali: huo ni uozo wa mkaa, unaokuja na kiu. Kwa wote watatu, umri huu umechelewa. Andika kipande kilichougua na upange zao jingine hapo.

Madoa kwenye majani

Kutu, madoa ya pembe, chule, mabaka yenye ukingo wa manjano: haya huja kwa hewa, kwa matone ya mvua au ndani ya mbegu. Mmea uliolindwa mizizi unaweza kuyastahimili kidogo zaidi, lakini usimnunue bakteria wa udongo kwa ajili ya chule. Tafuta mbegu safi.

Hakuna tofauti kati ya uliopaka na usiopaka

Ukiona hivi, na umechimba, na mizizi ya pande zote mbili ni mizuri, basi shukuru: msimu huu adui hakuja. Mlinzi hakuwa na kazi. Lakini kama pande zote mbili zimeoza sawasawa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulipaka mbegu maiti. Bakteria walikufa kabla ya kufika ardhini. Fuatilia safari yao nyuma, hatua kwa hatua.

Duka. Pakiti ilikaa wapi? Kama ilikuwa kwenye rafu chini ya mabati, jua la mchana likiipiga kila siku, rizobia na Pseudomonas walikwisha. Hawa hawatengenezi vidonge vya kujificha. Bacillus hutengeneza, tunaviita spora, na spora huvumilia joto na ukavu. Kwa hiyo ukijua duka lako halina baridi, chagua bidhaa ya Bacillus ya unga kwa ajili ya ugonjwa, na rizobia wafuate kwa mtu anayewatunza. Soma tarehe ya mwisho na idadi ya bakteria hai kwa gramu. Isipoandikwa, usinunue. Tafuta pia namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, kwa kila kinachodai kuzuia ugonjwa. Chupa iliyovimba au inayonuka yai bovu irudishe. Kwenye duka ninalonunua kila siku, mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa chupa ya namna hiyo, nikaipaka kwa kuamini bei yake. Msimu wote ule nilikuwa nikipanda uvundo.

Maji. Maji ya bomba yana klorini, nayo iliwekwa humo makusudi kuua bakteria. Yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha, au tumia ya mvua.

Mbegu yenye rangi. Mbegu ya dukani mara nyingi imepakwa dawa ya kuua kuvu, ndiyo sababu ni nyekundu au buluu. Thiram, mojawapo ya dawa hizo, huwadhuru rizobia, na dawa zozote za kopa (shaba) huua bakteria wa kila aina. Spora za Bacillus huvumilia dawa nyingi za kuvu, lakini usibahatishe na kopa. Mbegu ikiwa imeshapakwa dawa, bakteria wapeleke kwenye mfereji: changanya na maji au mboji laini iliyoiva, nyunyiza chini ya mbegu, funika.

Mikono na jua. Gorogoro moja (lile kopo la kupimia nafaka) ya mbegu inahitaji maji ya sukari kidogo sana, vijiko vichache tu, kiasi cha kuing'arisha. Ikilowa hadi kuvimba, ngozi yake itavuka na bakteria watavuka nayo. Mimina mbegu kwenye karai, zungusha na maji ya sukari, nyunyiza unga wa bakteria, zungusha tena mpaka kila punje iwe imevaa. Tandaza kwenye gunia kivulini kwa nusu saa. Panda siku hiyo hiyo, na mfuko wa mbegu unaotembea nao shambani ufunike kwa kitambaa kibichi. Mara nyingi nimeona kazi yote imefanywa vizuri kisha mbegu ikaanikwa juani kwenye turubai jeusi, eti ikauke haraka.

Kuna wanaochukua pakiti moja na kuizalisha nyumbani kwa molasi ndani ya pipa. Siwashauri. Kwenye pipa lile huwezi kujua nani ameongezeka. Mwenye mbio hushinda, na mara nyingi si yule uliyemnunua. Baadhi ya bakteria wanaopenda mapipa ya namna hiyo huwaumiza watu.

Tena, si kila kilichosajiliwa au kutangazwa kinafaa kwako. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 na kufanya kazi Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulipima makumi ya bidhaa za namna hii, na nyingi hazikuleta faida zilizodaiwa. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha shambani kwako mwenyewe, ambacho nitakieleza mwishoni.

Mwaka jana bakteria walifanya kazi, mwaka huu hapana

Ulipanda maharagwe pale pale? Kila msimu mizizi iliyooza inabaki ardhini ikiwa imebeba kuvu ya msimu ujao. Pakiti ni ile ile, lakini adui ameongezeka mara nyingi. Au mvua ilikuwa ndogo mwaka jana na mwaka huu ni gharika. Hakuna bakteria atakayekuondolea haja ya kubadilisha mazao.

Na hapa niseme wazi ninachoamini baada ya mashamba mengi: bakteria wakiwa peke yao ni msaada mdogo, wakiwa na wenzao ni msaada mkubwa. Chukua mbegu inayostahimili kuoza mizizi. Huku kwetu zipo KK8 na KK15, zilizotoka kituo cha utafiti cha Kakamega. KK15 ni nyeusi na soko huibagua, lakini sufuria haiibagui. Ongeza matuta. Ongeza samadi iliyoiva au majani ya alizeti mwitu yaliyofukiwa, maana udongo wenye chakula hulea walinzi wake wenyewe. Tahadhari tu: majani mabichi yakifukiwa leo na mbegu kesho, Pythium na inzi wa mbegu hufurahia. Subiri wiki mbili hadi tatu.

Kipimo cha shamba lako

Msimu ujao acha mistari minne bila bakteria, katikati ya shamba, si pembeni wala bondeni. Ipande kwanza, kabla mikono na karai havijaguswa na unga. Mbegu iwe ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile. Chomeka vijiti kwenye ncha. Hesabu miche iliyosimama siku ya 10 na siku ya 21, mistari minne iliyopakwa na minne isiyopakwa. Unapoanza maua, chimba kumi kila upande, uioshe, uipange juu ya gunia mistari miwili, umwite jirani asiyejua ipi ni ipi achague mizuri. Mwisho pima mavuno kwa gorogoro, kila upande peke yake.

Ukikwama, peleka sampuli kwenye maabara ya kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya) kilicho karibu au kwa afisa wa kilimo wa wadi. Peleka miche inayoanza kuugua, si iliyokufa, ikiwa na bonge la udongo. Ifunge kwa gazeti lililoloanishwa kidogo. Mfuko wa plastiki huipika njiani, na kitakachofika maabara ni uozo wa safari. Juu ya gazeti andika tarehe ya kupanda, jina la mbegu, ulichopaka, ulichonyunyizia, na zao lililokuwa pale msimu uliopita.